Ukurasa Mdogo wa Mazoezi: Unachofundisha na Unachoficha

Wakufunzi wengi wa utengenezaji wa tovuti humwanzishia mwanagenzi kazi ya ukurasa mmoja mdogo: kichwa, picha, aya mbili tatu na fomu ya mawasiliano. Wapo wanaoupinga utaratibu huo kwa hoja kwamba kazi za ajira siku hizi hufanywa kwa maktaba, yaani mikusanyo ya msimbo ulioandikwa tayari, kama React ya kuunda kurasa zenye data inayobadilika, iliyotolewa kwa umma mwaka 2013, na kwamba ni afadhali mwanafunzi aingizwe humo mapema.

Hoja ya kuutetea ukurasa mdogo ina uzito. Penye faili moja ya HTML, lugha ya kupanga yaliyomo kwenye ukurasa, na moja ya CSS, lugha ya kupanga mwonekano wake, kosa halina pa kujificha. Mwanafunzi akitaja upana wa pikseli 300, kisha akaongeza nafasi ya ndani ya pikseli 20 na mpaka wa pikseli 5 kila upande, atakuta kisanduku chake kimefikia pikseli 350, kwa kuwa CSS, isipoelekezwa vingine, huhesabu upana wa yaliyomo peke yake. Akiligundua hilo mwenyewe na kulirekebisha kwa box-sizing, agizo la CSS la kuchagua kinachohesabiwa katika upana, ameelewa kanuni ambayo hakuna maktaba itakayomwepusha nayo. Aliyeanzia kwenye maktaba hukutana na kosa lile lile, ila hajui limetoka kwenye msimbo wake au kwenye ule aliouazima, na mara nyingi huishia kunakili suluhisho asilolielewa.

Hata hivyo, ukurasa huo huweza kumdanganya. Maandishi ameyachagua yeye, skrini ni yake, na mtumiaji ni yeye peke yake. Kitufe alichokiunda kwa div, elementi ya HTML ambayo ni kisanduku kisicho na maana maalumu, huonekana sawasawa na kile cha elementi ya button, na kikibofywa kwa kipanya hufanya kazi. Lakini anayetegemea kibodi hakifikii, na programu inayomsomea skrini mtu asiyeona haikitambui kuwa ni kitufe. Kosa hili silioni dogo hata kidogo, kwa maana linamnyima mtu huduma huku aliyelifanya akiamini kazi yake imekamilika.

Kwa maoni yangu, tatizo ni desturi ya kuuhesabu ukurasa umekwisha pindi unapofanana na mchoro. Ukurasa ule ule upitiwe kwa kibodi pekee, maandishi yakuzwe hadi asilimia 200, ufunguliwe kwenye simu nyembamba, na tofauti ya rangi kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma ifikie angalau 4.5 kwa 1, kama unavyotaka WCAG, mwongozo wa kuzifanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu.

Wapinzani wako sahihi katika jambo moja: kurasa zisizobadilika, hata ziwe nyingi kiasi gani, hazifundishi kusimamia data inayobadilika. Basi mwanafunzi aongeze orodha ya kuandika na kufuta vitu kwa JavaScript tupu, yaani lugha ya programu ya kivinjari bila maktaba yoyote. Atakapolemewa na kazi ya kuhakikisha kwamba idadi iliyoandikwa juu inalingana na vitu vilivyoorodheshwa chini, atakuwa na sababu yake mwenyewe ya kuifungua React.