Kifungo cha miezi sita kinaisha lini?

Wiki hii mwenzangu wa kazini, jamaa wa hapa hapa Leeds, Uingereza, tunayepakia naye mizigo ghalani, kaja na boksi la donati. Nikadhani ni siku yake ya kuzaliwa. Kumbe anasherehekea kutimiza mwaka mmoja tangu amalize kifungo. Kuanzia sasa akiomba kazi ya kawaida na kuulizwa kama ana kosa, sheria inamruhusu kujibu hana. Donati yangu haikushuka vizuri, maana nilimkumbuka binamu yangu wa Uyole, kule kwetu Mbeya.

Sheria yenyewe ni ya 1974, wakailegeza Oktoba 2023. Kifungo kisichozidi mwaka: maliza adhabu, kaa mwaka mwingine bila kosa jipya, yamekwisha. Zaidi ya mwaka hadi minne, unasubiri miaka minne. Waliofungwa zaidi ya hapo, ambao zamani rekodi iliwaganda hadi kaburini, sasa wanasubiri saba, ukiacha makosa mazito ya ukatili, ngono na ugaidi. Rekodi yenyewe haifutwi, polisi wanabaki nayo, na ukiomba kazi ya kulea watoto inaweza kuchimbuliwa. Lakini mpakia mizigo? Dereva wa lori? Waajiri wao hayawahusu.

Binamu yangu alikula miezi sita kwa kununua simu ya wizi. Huu ni mwaka wa kumi na kitu. Ana leseni daraja E, ya magari makubwa, na mteremko wa Iwambi anaushuka na semi usiku wa ukungu. Kampuni ya kwanza, fomu ilimuuliza kama amewahi kufungwa, basi, bila kikomo cha miaka. Akajaza ukweli. Hakupigiwa simu. Ya pili ilitaka cheti cha polisi cha alama za vidole, hata barua hakupeleka. Leo anaendesha kwa deiwaka, bila mkataba, na siku ambazo hakuna gari anapakia viazi.

Najua mtakayosema. "Huyu baridi ya Ulaya imempanda kichwani." Baridi gani? Nimekulia Uyole mimi, Juni ya kwetu mnaijua. "Wazungu wanalea wezi." Wala sisemi hapa ni peponi: huyu jamaa alipotoka, getini hakukuwa na ndugu hata mmoja. Binamu alivyotoka, mama mkubwa alichinja kuku, mashangazi wakashuka kutoka Tukuyu na mikungu ya ndizi, wazee wakamkalisha, wakamsema weee, yakaisha. Kwenye hilo Wazungu waje wachukue somo. Ndiyo maana nakasirika zaidi. Ukoo umesamehe jioni moja, Rais anasamehe wafungwa sikukuu ya Uhuru, halafu karani wa ajira, kijana wa juzi tu, yeye ndiye hasamehi.

Na msiniambie kuhesabu miaka ni mambo ya Ulaya. Ibara ya 67 ya Katiba yetu, pamoja na masharti mengine, inamtazama anayetaka ubunge kama alifungwa kwa kosa la utovu wa uaminifu ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi mkuu. Mitano! Anayekwenda kututungia sheria kawekewa hesabu, anayepeleka mbolea Tunduma hana?

Kuna atakayeuliza, na aliyeibiwa je? Swali la haki kabisa. Simu yake alirudishiwa, na siku hizi wanasalimiana sokoni.

Wenye malori wa Mbeya mnaosoma hapa, Bunge liacheni kwanza. Kwenye fomu zenu ongezeni miaka tu: mitatu, mitano, hata saba mkitaka. Aliyeua mtu barabarani akiwa amelewa, mchujeni mnavyojua wenyewe. Huyu wa simu mpeni funguo. Na kama mnaogopa atawanyonyea dizeli njiani, hao mlio nao wenye vyeti safi hawanyonyi?