Tuige udhamini wa mikopo ya nyumba wa Marekani, deni la miaka 30 tuwaachie wenyewe

Ndugu wa Dar wana swali moja kwa sisi wabeba boksi wa Marekani: ni kweli huko benki inampa mtu wa kipato cha chini nyumba nzima, anaingia na watoto wake, anailipa mpaka uzeeni? Ni kweli. Hapa Columbus, Ohio, nawafahamu Watanzania wanaofanya kazi ghalani na wanaohudumia wazee usiku, na wana nyumba zenye majina yao. Kinachonikera ni maneno yanayofuata: basi na sisi tuletewe hivyohivyo. Mimi sikubali, na sababu yangu ni hesabu.

Kwanza tuelewane kinachofanyika huku. Kuna idara ya serikali kuu inaitwa FHA, ipo tangu 1934. Haikopeshi mtu hata senti. Kazi yake ni kuidhamini benki: mkopaji akishindwa, hasara ya benki inafidiwa kutoka mfuko wa bima ambao wakopaji wenyewe wanauchangia. Kwa sababu hiyo benki inakubali mtu atoe asilimia 3.5 tu ya bei, mradi historia yake ya madeni isiwe mbaya sana. Na hiyo 3.5 ikimshinda, miji na majimbo mengi yana msaada wa kulipia kianzio kwa wenye kipato chini ya kiwango fulani. Mara nyingi unaandikwa kama deni, kisha unasamehewa ukikaa kwenye nyumba miaka waliyopanga. Hata aliyewahi kumiliki, akikaa miaka mitatu bila nyumba, kwa kawaida anahesabiwa tena mnunuzi wa mara ya kwanza. Wajane na waliotalikiwa wamepona hapo.

Nilihudhuria darasa la wanunuzi wapya, Jumamosi nzima kwenye ukumbi wa kanisa. Mwalimu, mama wa makamo, hakuanza na riba. Aliinua kichujio cha mashine ya kupasha nyumba joto, kimejaa vumbi jeusi, akatuambia watu wengi hawaangushwi na mkopo, wanaangushwa na mashine hii ikifa Januari na hawana akiba. Kisha tukasomeshwa bili ya mwezi mstari kwa mstari: deni lenyewe, riba, bima, kodi ya jengo. Kodi hiyo usipolipa, nyumba inaweza kuuzwa hata kama benki umeshaimaliza. Mwaka 2008 na iliyofuata familia nyingi zilitolewa nje na mikopo iliyotolewa ovyo. Kwa hiyo anayewaambia Marekani nyumba ni za bure, mwambieni awaonyeshe bili.

Sasa hesabu. Chukua mkopo wa shilingi milioni 40. Kwa riba ya huku, tuseme asilimia 6.5, ukilipa kwa miaka 30, rejesho ni kama 253,000 kwa mwezi. Nyumbani riba za mikopo ya nyumba kwa miaka mingi zimekuwa kati ya asilimia 13 na 19. Weka 16, miaka 15: rejesho linafika 587,000 kwa mwezi, na mpaka unamaliza umelipa zaidi ya milioni 105. Muuza samaki wa Feri au dereva wa bodaboda ataitoa wapi? Halafu benki inataka hati na barua ya mwajiri. Ndiyo maana, pamoja na kampuni ya TMRC kuanzishwa 2010 ili mabenki yapate fedha za muda mrefu, mikopo yote ya nyumba nchini haijafika hata asilimia moja ya pato la taifa.

Nyumba za serikali? Maghorofa ya Magomeni Kota yamezipa makazi kaya 644 zilizobomolewa kota zao pale, na nazifurahia kwa dhati. Lakini sensa ya 2022 iliukuta mkoa wa Dar una watu zaidi ya milioni 5.3.

Katika hao milioni tano, wengi wa wenye nyumba wamejenga wenyewe, tena bila deni la benki. Kiwanja mwaka huu, msingi mwaka ujao, tofali zinafyatuliwa mshahara ukiruhusu. Mmarekani nikimwelezea haamini, kwa kuwa kwake nyumba isiyo na deni ni ya tajiri au ya bibi mzee. Sisi tunaita hali hiyo umaskini na kuona aibu, wakati kwa maoni yangu ndicho kitu kigumu zaidi ambacho familia za Dar zimekimudu.

Tatizo ni pale wanapokwama. Boma la dada yangu lipo Chanika. Kuta zimefika kwenye lenta, zikaishia hapo. Sebuleni kumeota mpapai, na kozi ya juu imeanza kulika kwa mvua. Yeye bado amepanga Buguruni, chumba na sebule, 120,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo. Yaani kila akifikisha 720,000, pesa ambayo ingenunua mbao za kenchi, inaondoka na dalali akisimamia. Fundi amemkadiria milioni 5 kuezeka vyumba viwili na kuweka milango. Benki haina muda na milioni 5 za mtu asiye na hati. Kikoba kinataka pesa irudi ndani ya miezi michache. Kinachobaki ni mikopo ya mtaani ya kausha damu, na jina linajieleza.

Mpe dada huyu milioni 5 kwa riba ileile ya 16, miaka mitatu. Rejesho ni kama 176,000 kwa mwezi. Anahamia chini ya bati lake, kodi ya Buguruni inakufa, anaongeza 56,000 tu juu ya alichokuwa akilipa. Mwaka wa nne hadaiwi na mtu.

Chamazi walishaonyesha njia. Wanachama wa vikundi vya akiba waliohamishwa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari walinunua ardhi kwa pamoja, wakafyatua tofali zao, wakajenga kwa mikopo midogo ya mfuko wao. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, ila hiyo ni ya biashara. Sehemu yake ingeweza kuwa mfuko wa kudhamini mikopo ya kuezeka, uwaambie SACCOS na benki ndogo: huyu akishindwa, tunafidia. FHA ni hiyohiyo, kwa kipimo cha Chanika.

 

Mtaniuliza dhamana iko wapi kama hakuna hati. Maeneo mengi yasiyopimwa ya Dar yaliingizwa kwenye leseni za makazi, yaani kibali cha muda cha kumiliki kiwanja. Zilianza kwa muda wa miaka miwili, baadaye zikawa mitano. Mkopo wa nyumba wa miaka 15 hauwezi kukaa juu ya karatasi ya miaka mitano. Mkopo wa bati wa miaka mitatu unakaa, na miwili inabaki.