Mlango Unaofunguliwa Mara Hamsini kwa Usiku Mmoja

Oktoba 31 mwaka jana, yapata saa moja na nusu usiku, nilimkuta mbwa wetu amejificha chini ya kitanda cha mwanangu mdogo. Tunamwita Karanga kwa ajili ya rangi yake. Ana kilo 12, na siku za kawaida si mwoga. Hulikoromea hata lori la taka. Usiku ule alikuwa amejibana ukutani, masikio yamelala, anahema ulimi nje, mate yamelowesha zulia. Kila kengele ya mlango ilipolia, alitetemeka mwili mzima. Huko sebuleni watoto wangu, mmoja kavaa mabawa ya popo na mwingine ngozi ya chui ya kitambaa, walikuwa wanamwaga pipi mezani na kuzihesabu kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona kwao tangu tuhamie Kentucky, Marekani. Nilikaa sakafuni, mkono mmoja chini ya kitanda, nikisikia vicheko upande mmoja na pumzi za mbwa upande wa pili.

Ilikuwa Halloween, usiku ambao watoto wa Marekani huvaa mavazi ya kuigiza na kuzunguka nyumba hadi nyumba wakipewa pipi. Swali la kama Halloween ni njema au mbaya huzuka kila mwaka miongoni mwetu tunaozungumza Kiswahili hapa Louisville, na tuko wengi: Wakongo waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, Warundi, Wakenya, sisi Watanzania. Ikifika katikati ya Oktoba, kundi la WhatsApp linawaka moto. Wako wanaosema ni sikukuu ya shetani, mtoto wa Kikristo au wa Kiislamu asiisogelee. Wako wanaosema ni pipi tu, waacheni watoto wafanane na wenzao wa shuleni. Nimewahi kuwa upande wa kwanza, nikahamia wa pili, na sasa naona mabishano hayo yanaishia kwenye mavazi, ilhali jambo lenyewe liko mlangoni: nani anagonga, nani anafungua, na nani yuko nyuma ya mlango huo bila kuulizwa.

Asili yake haimalizi ubishi. Waselti, watu wa kale wa Ireland, walikuwa na Samhain, sikukuu ya kumaliza mavuno na kuingia majira ya baridi, ambapo iliaminika mpaka kati ya walio hai na wafu hulegea. Kanisa likaweka Sikukuu ya Watakatifu Wote Novemba 1, na mkesha wake ndio uliozaa jina la Halloween. Waayalandi waliokimbia njaa ya miaka ya 1840 wakaivusha bahari hadi Marekani, na tanipu, mizizi minene walizozoea kuzichonga sura za watu, wakaziacha kwa maboga ya huku. Anayetafuta upagani ataupata humo, na anayetafuta Ukristo ataupata pia. Mkatoliki wa Tabora anayewaombea marehemu wake Novemba 2 yuko karibu na usiku huu kuliko anavyodhani.

Kizuri chake nakitaja kwanza, maana wengi wetu hatukitendei haki. Marekani unaweza kuishi mtaani miaka mitatu usijue jina la jirani. Huendi kwa mtu bila kumpigia simu, na hodi ya ghafla humfanya mwenye nyumba achungulie dirishani kwa mashaka. Sisi tuliokulia mahali ambapo mtoto wa jirani huingia jikoni kuomba chumvi, upweke huu unatukausha. Halloween ndiyo usiku pekee wa mwaka ninaouona mtaa wangu ukifunguka. Kanuni yake haijabandikwa popote lakini kila mtu anaijua: taa ya barazani ikiwaka, karibu; ikizimwa, pita. Mwaka jana nilifunga vifuko 50 vya pipi, na saa mbili na nusu kilikuwa kimebaki kimoja.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu anaishi bibi mmoja wa Kimarekani, peke yake. Usiku huo hutoa kiti nje, huweka bakuli mapajani, na humsemesha kila mtoto. Mwaka wetu wa kwanza alimuuliza binti yangu jina lake, akalikosea, akaomba alisikie tena, akalirudia mara tatu mpaka likakaa ulimini. Tangu hapo humwita kwa jina kila anapopita na begi la shule. Kabla ya usiku ule tulikuwa tumeishi miezi saba bila yeyote hapa mtaani kutaka kujua tunaitwaje. Anayeniambia Halloween haina faida yoyote, namkumbuka bibi huyu.

Hofu inayosambazwa zaidi, ile ya pipi zenye sumu na nyembe, haina mizizi. Joel Best, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Delaware, amezifuatilia habari hizo kurudi nyuma hadi mwaka 1958, na hajapata mtoto hata mmoja aliyeuawa au kuumizwa vibaya na pipi alizopewa na mtu asiyemjua katika kuzungukia nyumba. Kisa kinachotajwa sana ni cha Deer Park, Texas, mwaka 1974, mtoto wa miaka 8 alipokufa kwa sianidi. Aliyemtilia sumu alikuwa baba yake mzazi, aliyewinda fedha za bima, naye akauawa kwa hukumu ya mahakama mwaka 1984 kwa sindano ya sumu. Kwa hiyo ule ujumbe tunaotumiana kila Oktoba unatufanya tumwogope jirani asiye na kosa.

Barabara ndiyo ya kuogopwa. Utafiti uliochapishwa kwenye jarida la JAMA Pediatrics ulipitia Halloween 42, kuanzia 1975 hadi 2016, ukakuta waenda kwa miguu 608 waliuawa na magari katika jioni hizo nchini Marekani. Ukilinganisha na jioni ya wiki moja kabla na ya wiki moja baada, hatari ya kufa inapanda kwa asilimia 43, na kwa watoto wa miaka 4 hadi 8 inapanda mara kumi. Sababu hazihitaji mtaalamu. Giza linaingia, mtoto kavaa nguo nyeusi na kinyago kinachomziba macho ya pembeni, anachomoka kati ya magari yaliyoegeshwa kuwahi nyumba ya ng'ambo. Tangu mwaka 2007 sehemu kubwa ya Marekani hurudisha saa zake nyuma kwa saa moja Jumapili ya kwanza ya Novemba, yaani baada ya Halloween, kwa hiyo jioni hiyo mwanga huchelewa kidogo kuondoka, lakini dereva anayetoka kazini hachelewi naye. Wanangu nimewabandika utepe unaong'aa mgongoni na mikononi. Popo wangu alilalamika kwamba popo hang'ai, na nikamwambia huyu wa kwetu ang'ae.

Na mlango huo huo unaowapa watoto wangu majirani una upande mwingine. Oktoba 17, 1992, Yoshihiro Hattori, kijana wa Kijapani wa miaka 16 aliyekuja Baton Rouge, Louisiana, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, alikuwa anaelekea kwenye sherehe ya Halloween na mwenzake. Wakakosea nyumba. Mwenye nyumba alitoka na bastola, akamwamuru asimame kwa neno ambalo inaaminika kijana hakulielewa. Akapigwa risasi, akafa. Mahakama ya jinai ilimwachia huru aliyempiga mwaka uliofuata. Kisa hiki nakisimulia kwa kila mzazi mgeni anayeniuliza kama mtoto wake mkubwa, ambaye Kiingereza bado kinamtatiza, anaweza kwenda kuzunguka na wenzake usiku huo. Namjibu aende, ila kwenye nyumba zilizowasha taa tu, tena na mtu mzima anayefahamika mtaani.

Sasa turudi chini ya kitanda. Najua wapo wasomaji watakaouliza: mbwa naye ana hofu gani ya kuandikiwa makala? Nawaelewa. Wengi wetu tulilelewa tukimjua mbwa kama mlinzi wa uani, analala nje, anakula makombo, na kwa Waislamu wa pwani mate yake ni najisi. Lakini hata huko tulifundishwa hadithi ya aliyemnywesha mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, na Mungu akamsamehe. Kiumbe akiwa mikononi mwako, maumivu yake yako juu yako.

Mtazame mbwa kwa jioni hiyo. Masikio yake hupokea sauti hadi karibu hezi (mitetemo kwa sekunde) 45,000, wakati yetu huishia kama 20,000. Anatujua kwa harufu, kwa sura na kwa mwendo. Kazi aliyojipa ni kulinda kizingiti. Mara wageni wasio na nyuso wanafika hapo kizingitini, mmoja baada ya mwingine, wanapiga kelele, na bwana wake badala ya kuwafukuza anacheka na kuwapa chakula. Akibweka anagombezwa. Kila kitu anachokijua kimegeuzwa, na hana wa kumweleza kwamba ni mchezo. Wengine hujificha kama Karanga. Wengine huona mlango uko wazi, wakachomoka, na mtaa umejaa magari na giza. Chipu ya utambulisho aliyowekewa chini ya ngozi husaidia kumrudisha, iwapo namba ya simu iliyosajiliwa ni ile unayotumia sasa. Ya kwetu ilikuwa ya zamani, na niligundua baada ya miaka miwili.

Halafu kuna zile pipi. Chokoleti ina theobromini, kemikali ambayo mwili wetu huivunja upesi na wa mbwa huivunja polepole mno. Miaka mitatu iliyopita Karanga alifungua begi la binti yangu akala chokoleti ndogo ndogo kumi na kitu, pamoja na karatasi zake. Saa mbili baadaye alikuwa hatulii, anazunguka meza, anatapika, moyo unamdunda hadi unauhisi ukimshika kifua. Daktari wa wanyama aliniuliza uzito wa mbwa na aina ya chokoleti kabla ya kuuliza jambo jingine lolote, kwa sababu hesabu yote iko hapo. Chokoleti ya maziwa ina takriban miligramu 2 za theobromini kwa gramu moja, na dalili huanza mbwa akifikisha kama miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa kilo 12 ni gramu 120 hivi. Ingekuwa chokoleti nyeusi, chini ya nusu ya hiyo ingetosha, na kiasi kikizidi huja degedege. Alilala kwa daktari usiku ule, akapona. Zabibu kavu, ambazo watu wema hugawa wakidhani ni chaguo la afya, zinaweza kuua figo za mbwa. Zailitoli, kiongeza utamu kilichomo kwenye jojo nyingi zisizo na sukari, humshusha sukari ya damu ghafla na huweza kuharibu ini.

Kuhusu kuwavisha wanyama mavazi, msimamo wangu ni mkali kidogo. Mwaka 2023 Shirikisho la Taifa la Wauzaji Rejareja lilikadiria Wamarekani wangetumia dola bilioni 12.2 kwa Halloween, na milioni 700 kati ya hizo kwa mavazi ya wanyama. New York kuna gwaride la mbwa waliovishwa, lile la Tompkins Square, na nakubali wapo mbwa wanaotembea humo mikia juu. Wapo pia wanaosimama kama wamegandishwa, wanajilamba midomo, wanapiga miayo bila usingizi, weupe wa jicho umetokeza. Huyo anaomba avuliwe. Picha yake ikipendwa na watu elfu moja, yeye haimfai kitu.

Limebaki lililo zito zaidi kwangu, na halihusu wanyama. Mimi ni wa Shinyanga. Bibi mzaa mama alikuwa na macho mekundu kwa miaka mingi ya kupikia kinyesi cha ng'ombe, kwa kuwa kuni zilikuwa mbali. Usukumani vikongwe wamekatwa mapanga kwa macho kama yale, wakiitwa wachawi. Jua lilipozama, bibi aliegemeza mchi wa kinu nyuma ya mlango, na aliyebisha hodi baada ya hapo hakufunguliwa, hata angekuwa mjukuu, mpaka ataje jina la mama yake. Nilikuwa na miaka tisa nilipolitaja la mama yangu gizani, nikisubiri mchi uondolewe.

Kwa hiyo ninapoona kikongwe wa plastiki mwenye macho mekundu amening'inizwa mtini kama pambo, sioni shetani wanayemsema kule kwenye kundi. Namwona bibi. Najua aliyemtundika hana nia mbaya, na kwamba hata huku Marekani watu 19 walinyongwa kwa tuhuma za uchawi huko Salem mwaka 1692. Mji huohuo leo hujaa watalii kila Oktoba. Kwao imepita miaka zaidi ya mia tatu. Kwangu mimi mchi ule bado una joto.

Mwaka huu tumekubaliana na watoto kwamba pipi hazitagawiwa mlangoni. Nitatoa kigoda nje, nikae barazani na bakuli langu kama tulivyokaa nyumbani jioni, kengele isilie hata mara moja. Karanga atakuwa chumba cha nyuma na redio, mlango wa kati umefungwa. Wanangu watazunguka na utepe wao, na kituo cha kwanza kitakuwa nyumba ya tatu. Yule kikongwe wa plastiki anatundikwa kwenye mti wa bibi huyohuyo aliyejifunza jina la binti yangu, na mimi bado sijamwambia.