Afande Akilalamikia Mshahara, Aende Wapi?

Juni 25, 2024, vijana walipovamia Bunge jijini Nairobi wakipinga Mswada wa Fedha, konstebo aliyesimama mbele yao na rungu naye alikuwa ananunua unga kwa bei ile ile. Naye hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, kama mwalimu, kama karani. Lakini mwalimu ana chama, daktari ana chama, na kijana yule ana barabara na simu yake. Konstebo ana mkubwa wake wa kumpigia saluti.

Siwatetei waliofyatua risasi siku ile. Watu waliuawa, na mshahara mdogo haumpi mtu ruhusa ya kumwua raia asiye na silaha. Ninachouliza ni hiki: tumewapokonya polisi njia za kudai haki ambazo wafanyakazi wengine wanazo, je, badala yake tumewapa nini?

Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na kugoma. Kifungu cha 24 nacho kinaruhusu sheria ipunguze haki hiyo kwa wanajeshi na polisi, pamoja na ile ya kukusanyika na kuandamana. Madaktari wetu waligoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, wakarudi kazini wakiwa na mkataba. Askari akithubutu hata siku moja, anavuliwa magwanda na kushtakiwa.

Wanaounga mkono marufuku hiyo wana hoja nzito, na sitaki kuipuuza. Februari 2017, katika jimbo la Espírito Santo nchini Brazil, ambako askari wa doria hawaruhusiwi kugoma, wake zao na jamaa waliketi kwenye malango ya kambi wakazuia magari yasitoke. Mabasi yakasimama, shule zikafungwa, maduka yakaporwa, na watu zaidi ya 100 wakauawa kabla hali kutulia. Jeshi ndilo lililoletwa mitaani. Waliolipa gharama ya mgomo ule ni wakazi wa mitaa ya kawaida, watu wasiopanga mshahara wa polisi wala wa mtu yeyote. Sasa fikiria Bonde la Kerio, kwenye wezi wa mifugo wenye bunduki, wiki moja bila askari. Tena mwalimu akigoma anaacha chaki darasani. Askari akigoma bunduki bado iko ghalani na ufunguo anao yeye.

Kwa hiyo mgomo wa polisi siuungi mkono. Ila wanaodhani marufuku imeuzuia wanajidanganya. Umegeuka tu kuwa mgomo baridi. Umevunjiwa nyumba saa nane za usiku, unafika kituoni, unapewa namba ya OB, kitabu cha matukio cha kituo, na kuambiwa gari halina mafuta, rudi asubuhi. Pengine kweli mafuta hayapo. Pengine aliyeko zamu ameamua kwamba kwa mshahara ule hawezi kukimbizana na wezi gizani. Wewe huwezi kujua, na mkubwa wake hawezi kuthibitisha. Kisha alfajiri kwenye kizuizi cha barabarani, makanga anashuka na noti imekunjwa kiganjani, wanasalimiana kwa mkono na afande, mlango unafungwa, matatu inaondoka. Ule ni wizi, na wakubwa wenye mishahara minono wanaula pia, kwa hiyo nyongeza pekee haitaumaliza. Lakini konstebo wa chini anajihesabia haki kwa kusema serikali imeshindwa kumlipa, na abiria ndiye anayemlipa.

Malalamiko yenyewe si mapya. Jopo la Ransley kuhusu mageuzi ya polisi lilisema mwaka 2009 kwamba mishahara na makazi ya polisi ni aibu. Aliyewahi kuingia kwenye laini za polisi anajua: chumba kimoja, pazia katikati, familia mbili. Mtoto wa upande huu akikohoa, wa upande ule anaamka. Mwaka 2018 serikali ikawaambia wahame wakapange mitaani kwa marupurupu ya nyumba. Likaja jopo la Jaji Mkuu mstaafu David Maraga, likakabidhi ripoti Novemba 2023 na kupendekeza nyongeza ya asilimia 40, iliyoanza kulipwa kwa awamu za miaka mitatu kuanzia Julai 2024.

Nyongeza hiyo ni nzuri na ilistahili. Lakini tazama ilivyopatikana: miaka 14 kati ya jopo na jopo, na uamuzi ukashuka kutoka juu. Hakuna hata konstebo mmoja aliyeketi mezani akiwa amechaguliwa na wenzake. Hata polisi wetu waliopelekwa Haiti katika kikosi cha kimataifa walikuwa hivyo hivyo. Desemba 2024 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba karibu askari 20 wa kikosi kile walikuwa wamewasilisha barua za kujiuzulu kwa sababu ya kucheleweshewa malipo na hali ngumu ya kazi. Uongozi wa kikosi ukakanusha. Askari aliyebaki na njia mbili tu, kuacha kazi au kumnong'oneza mwandishi wa habari jina lake likifichwa, ni askari ambaye hatujampa pa kusemea.

Wengine wamelishughulikia jambo hili. Polisi wa London waligoma 1918 na tena 1919. Uingereza ikapiga marufuku vyama vya wafanyakazi vya polisi na mgomo, lakini sheria hiyo hiyo ikaunda shirikisho la kuwasemea askari. Januari 2008 maelfu yao, wakiwa nje ya zamu, waliandamana London kuhusu mshahara, na jiji halikuporwa. Afrika Kusini polisi wana chama cha POPCRU tangu 1989. Hawaruhusiwi kugoma, lakini wana baraza la kujadiliana na mwajiri. Ireland walifika ukingoni: polisi walipanga kususia kazi Ijumaa nne za Novemba 2016, na mahakama ya kazi ikatoa pendekezo la malipo usiku wa kuamkia Ijumaa ya kwanza. Mgomo ukasitishwa.

Naiona hatari moja, na si ndogo. Huko Marekani vyama vya polisi vimejadiliana mikataba inayofanya iwe vigumu kumwadhibu askari mwuaji. Hapa kwetu, ambapo familia bado zinasubiri haki kwa watoto waliouawa, chama cha namna hiyo kingekuwa msiba. Chama kizungumzie mshahara, nyumba, bima na saa za kazi. Nidhamu ibaki kwa Tume ya Huduma ya Polisi na IPOA, mamlaka huru inayochunguza makosa ya polisi. Na mazungumzo yakikwama, msuluhishi atoe uamuzi unaoibana serikali kwa muda uliowekwa, la sivyo itakuwa baraza la kunywa chai.

Haya hayahitaji kura ya maoni. Kifungu cha 24 kinasema sheria inaweza kupunguza haki za polisi; hakisemi ni lazima ipunguze, wala kwa kiasi gani. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 iko mikononi mwa wabunge, na wabunge ndio watu wanaolindwa mchana na usiku na hao hao makonstebo.