Mwambieni Yule Mzee Habari Haijaisha

Hasira niliyonayo ni ya leo hii, haijalala hata usiku mmoja. Kuna mzee yuko huko nje anatembea na nusu ya habari niliyompa mimi, anaisambaza, na watu wanamsikiliza kwa heshima. Nusu iliyobaki ninayo mwenyewe, na sina pa kuipeleka.

Foleni mnaijua, nisiwachoshe. Gia namba moja, huru, namba moja, huru. Wa kuchomekea walishachomekea. Wa kutanua pembeni walishatanua, na vumbi lao tukalivuta sisi wastaarabu tuliobaki kwenye mstari na heshima zetu na mguu wa kushoto unaotetemeka juu ya klachi. Bibi mmoja mwenye mkongojo alinipita. Sikumsalimia, maana nilijua nitamfikia, halafu atanipita tena, na salamu zingekuwa nyingi mno kwa asubuhi moja.

Basi ubavuni kwangu likasimama gari kubwa, yale ya kupandia milima, ingawa hili usafi wake ulionyesha halijawahi kukanyaga hata tuta. Ndani yumo mzee mmoja na viti sita vitupu. Mimi nilikuwa na viti vinne tu vitupu, kwa hiyo kimaadili nilikuwa juu yake.

Akashusha kioo.

"Kijana," akaniita. Mvi ninazo, lakini ukimtazama mtu kutoka urefu ule, kila mtu ni kijana. "Hivi hawa wakubwa hawaoni? Si waongeze njia mbili tu, mambo yaishe?"

Hapo mwenye busara hutabasamu na kupandisha kioo. Ila mimi mambo haya huwa nayasoma usiku, kwa sababu nikifika nyumbani mgongo hauniruhusu kulala, na mtu aliyesoma kitu usiku huwashwa mdomo asubuhi.

"Shikamoo mzee. Hilo lilishajaribiwa. Huko Houston, Marekani, kuna barabara inaitwa Katy Freeway. Waliipanua, wakamaliza mwaka 2008. Kuna mahali ina njia 26, ukihesabu na zile za pembeni. Sasa sikiliza kilichotokea…"

Mstari wake ukasogea.

Akaenda. Akaenda mbali kabisa, mkono nje ya dirisha, anapaza sauti, "Ishirini na sita! Si nilisema mimi!" Nikamwona amesimama sambamba na lori, anamweleza dereva wa lori, na dereva wa lori anatikisa kichwa kwa mshangao wa mtu aliyeonyeshwa pepo.

Huku kwangu kilichotokea kiko mdomoni. Kilichotokea ni kwamba foleni ilirudi. Kati ya mwaka 2011 na 2014, muda wa safari ya jioni kwenye barabara ile uliongezeka kwa zaidi ya nusu. Barabara ikipanuliwa, waliokuwa wakiamka alfajiri ili kuikwepa wanaanza kulala hadi jua litoke, waliokuwa wakipanda treni wanafufua magari, na wenye kujenga wanakwenda kujenga mbali zaidi kwa kuwa sasa "ni karibu tu". Mwaka 2011 wachumi wawili, Duranton na Turner, walitazama miji ya Marekani wakakuta kwamba kilomita za njia zikiongezwa, kilomita zinazoendeshwa nazo zinaongezeka karibu kwa kiwango kilekile. Hilo ndilo lililokuwa linakuja baada ya "sikiliza kilichotokea". Ndilo mzee alilolikosa.

Ikaja pikipiki inajipenyeza katikati ya vioo vya pembeni. Kijana akasimama dirishani kwangu.

"Bosi, yule mzee wa gari kubwa kule mbele anauliza, hizo njia 26 walizijenga kwa muda gani?"

"Mwambie habari haijaisha! Mwambie foleni ilizidi!"

"Ilizidi?"

"Ilizidi. Nenda, atakuelewa."

Akaondoka. Nikamwona kwa mbali ameinamisha helmeti kwenye dirisha la mzee. Mzee akatoa kichwa nje, akanitazama, akanionyesha dole gumba, kisha akamgeukia mtu wa lori. Upepo ukaniletea maneno yake: "Anasema zilizidi! Ni zaidi ya ishirini na sita!"

Jamani.

Mara mstari wangu ukasogea. Nikawaona mbele yangu wanakaribia, lori kwanza, halafu yeye. Nilikuwa na sekunde chache za kumpita, na mtu mwenye sekunde chache lazima achague. Nikaona Houston imeshaharibika haitengenezeki, niende Seoul, Korea Kusini.

"Mzee! Seoul walibomoa!"

"Nani?"

"Barabara! Ya juu kwa juu! Mwaka 2003 walianza kuibomoa, chini yake kulikuwa na mto…"

Nikapita. Unapoitaka foleni isimame, inakwenda.

Pikipiki ikarudi, safari hii ikitokea nyuma. Yule kijana sasa ameshazoea kazi, hata hazimi injini. "Bosi, mzee anasema pole sana kwa hao watu wa mafuriko. Anasema ndiyo maana njia za akiba ni muhimu."

Nikapiga usukani. Honi ikalia. Aliye mbele yangu akadhani namharakisha, akapiga yake, na wa mbele yake naye, zikasambaa hivyo hadi kwenye taa, ambako nasikia trafiki alifadhaika akaruhusu upande usiofaa.

Kwa faida yenu mliobaki: Cheonggyecheon ni kijito kilichofunikwa katikati ya Seoul, na juu yake ikapita barabara kubwa ya magari. Waliibomoa, wakakifungua kijito, na kufikia 2005 watu walikuwa wanatembea kandokando ya maji. Jiji halikusimama. Wakati huohuo, mwaka 2004, walipanga upya mabasi yao na kuyaongezea njia za peke yake. Hakuna mafuriko. Hakuna aliyekufa. Mzee ametoa rambirambi za bure.

Upande wa pili alikuwapo dada mmoja aliyekuwa akisikiliza kila kitu huku amejifanya anaangalia simu. Akashusha kioo.

"Kaka, mie hiyo ya mto ndiyo nimeipenda. Sasa yale magari yalikwenda wapi?"

Jamani, msikilizaji! Nilitaka kushuka nimshike mkono. Nikamweleza: wengine walihamia kwenye mabasi, wengine treni ya chini ya ardhi, wengine njia nyingine au saa nyingine, na kuna safari ambazo mtu akizifikiria mara mbili anaona si lazima. Akakubali kwa kichwa. Nikampigia na hesabu. Mstari mmoja kama huu, siku umelala usingizi mzuri, hupitisha magari kama 2,000 kwa saa. Tukiwa mmojammoja, ni watu 2,000 na viti vyetu. Mstari huohuo ukiupitisha basi moja tu kila dakika, lenye watu 80, ni watu 4,800 kwa saa, na nafasi kati ya basi na basi inabaki hata ya ambulansi. Curitiba, Brazili, walianza kuyapa mabasi njia zake tangu 1974. Bogotá, Kolombia, wakafuata mwaka 2000.

"Sawa kabisa," akasema dada. "Na hapa mabasi yapewe njia ipi?"

"Mojawapo ya hizi."

"Ipi?"

Nikautazama mstari wangu. Nikautazama wa kwake. Nikageuka nyuma nikautazama wa mzee.

"Ule pale," nikasema.

Msinicheke. Mimi basi nalipanda, tena si mara moja, na ninachowaambia ni kwamba basi lisilo na njia yake ni foleni hiihii, ila unakuwa umesimama. Unakaa saa nzima na kiwiko cha mtu usiyemjua shingoni, nje ya dirisha unamwona mzee na viti vyake sita, na mnakwenda sawasawa. Halafu mkutanoni anasimama mtu aliyekuja na dereva anakwambia wananchi wabadili mtazamo. Mtazamo ninao! Tangu lini mtazamo ukafika kazini saa mbili? Lipeni basi njia, liwe linanipita kila dakika huku nimekaa kwenye gari langu nimekasirika, uone kama sitaliacha gari nyumbani kwa wivu peke yake. Watu hatuhami kwa hotuba. Tunahama kwa kupitwa.

Stockholm ya Uswidi mnaijua? Januari 2006 walianza kutoza magari yanayoingia na kutoka katikati ya jiji, kwa majaribio. Kabla ya hapo watu walinuna kwelikweli. Magari yakapungua kama asilimia 20. Julai majaribio yakaisha, magari yakarudi, na Septemba walipopigishwa kura, walewale waliokuwa wamenuna wakasema irudisheni. Mwaka 2007 ikawa ya kudumu. Dada alitaka kujua ni kiasi gani walitozwa, lakini mstari wake ukaondoka na simu yake ikiwa bado imeelekea kwangu. Nadhani alikuwa ananirekodi.

Halafu foleni ikaisha. Hivyo tu. Mbele kweupe. Nikapunguza mwendo nione kulikoni: hakuna gari bovu, hakuna shimo, hakuna ng'ombe, hakuna mkubwa anayepitishwa. Lami tupu. Mtu umepoteza asubuhi yako, na hata kitu cha kukilaumu hupewi!

Wajapani wanaijua hii. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulichukua magari 22, yakazungushwa kwenye duara la mita 230, na madereva wakaambiwa waende kilomita 30 kwa saa, wasiachane, wasigongane. Hakuna taa, hakuna makutano, hakuna wa kuchomekea. Muda si mrefu yakaanza kusimama. Mmoja anakanyaga breki kidogo, wa nyuma yake anakanyaga zaidi, wa nyuma ya huyo anasimama kabisa, na ile simama-simama inarudi nyuma kutoka gari hadi gari, hata aliyeianzisha alishasahau. Kwa hiyo kuna mtu asubuhi ya leo alikanyaga breki kidogo, pengine alikuwa anatafuta miwani, akaenda zake, na sasa hivi yuko ofisini anauliza kwa nini wenzake wanachelewa.

Nami nikafika. Kufika ni kusema tu, kwa sababu baada ya kufika kuna kuzunguka. Gari husimama takriban asilimia 95 ya maisha yake, na hapo linaposimama patafutwe na wewe. Nilizunguka jengo hadi mlinzi akaanza kunipungia kama ndugu. Baiskeli ninayo, msiniulize. Ofisini kuna chumba cha mikutano, chumba cha seva na chumba cha kuhifadhia viti vibovu, bafu hakuna, na mimi nikiendesha baiskeli kilima kile naingia kazini nimelowa kama niliyebatizwa na nguo zake.

Mwishowe mlinzi akanihurumia.

"Mzee, weka tu pale." Akanionyesha njia ya waenda kwa miguu.

"Pale si watu wanapita?"

"Hapana, siku hizi wanapita barabarani."

"Kwa nini wapite barabarani?"

Akanitazama kwa upole wa mtu anayeongea na mgonjwa.

"Si kuna magari pale, mzee."