Mshitiri alianzia Dodoma, si wizarani

Mfumo wa mshitiri, yaani muuzaji binafsi mwenye mkataba wa kuviuzia vituo vya afya vya umma dawa ambazo MSD (bohari ya dawa ya serikali) imekosa, haukutungwa wizarani ukashushwa mikoani. Ulianza Dodoma mwaka 2014 kwa jina la Jazia, chini ya mradi uliofadhiliwa na Uswisi, ukaingia Morogoro na Shinyanga mwaka 2016, na mwaka 2018 serikali ikaamua uende nchi nzima. Tunauzungumzia mfumo huo mara kwa mara, lakini waliousukuma tunawasahau, na kwa maoni yangu hapo ndipo tunapokosea.

Kabla yake, kituo kilichokosa dawa MSD kilisubiri bei za wauzaji kadhaa, na kila halmashauri ilinunua kivyake, kidogo kidogo, kwa bei ya siku hiyo. Waganga wakuu, wafamasia wa halmashauri, maofisa ununuzi na sekretarieti ya mkoa wakakubaliana kwamba mkoa mzima uwe na muuzaji mmoja mwenye mkataba na bei zinazojulikana. Hawakuomba kasma mpya. Walitumia fedha zilezile za CHF (mfuko wa afya ya jamii), NHIF (bima ya afya ya taifa), malipo ya wagonjwa ya papo kwa papo na mfuko wa pamoja wa wafadhili. Tena TAMISEMI, ofisi inayosimamia mikoa na halmashauri, ilikuwa Dodoma hapohapo: anayeamua aliweza kwenda zahanati asubuhi, akafungua leja mwenyewe na kurudi ofisini siku hiyohiyo. Naamini ukaribu huo ulifanya kazi kubwa kuliko waraka wowote.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Kituo kinaagiza MSD kwanza. MSD ikithibitisha kwamba dawa haipo, au ikitoa pungufu, lile pengo ndilo linaloombwa kwa mshitiri. Mfamasia wa halmashauri anapitia maombi ya vituo na kuyaunganisha, mshitiri analeta mzigo, nao unahesabiwa na kukaguliwa kabla ya kupokelewa.

Mambo huharibika kwenye hesabu na kwenye malipo. Chukua zahanati iliyotoa vidonge 3,000 vya amoksilini kwa miezi mitatu, lakini mwezi mmoja kati ya hiyo dawa haikuwepo kabisa. Wastani wake ni 1,500 kwa mwezi, kwa sababu dawa ilitolewa miezi miwili tu. Anayegawa kwa tatu anapata 1,000, anaagiza kidogo, dawa inaisha tena, na robo inayofuata leja inaonyesha matumizi madogo zaidi. Kosa hili hukamatwa na mfamasia anayevijua vituo vyake, si na fomu. Malipo nayo yakichelewa, mshitiri ambaye mtaji wake umelala kwenye madeni hupunguza mzigo, na lawama zote humwangukia yeye.

Mfumo ulipoenezwa, mikataba na fomu zilisafiri vizuri. Kilichokuwa kigumu kuhamisha ni vile vikao vya watu wanaofahamiana, ambao mmoja akimpigia mwenzake simu, deni la zahanati ya Mpwapwa linajulikana kabla mzigo haujazuiwa.

Sasa tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Mwanachama atakayefika zahanati na kuandikiwa akanunue dawa dukani hatalipia tena kadi yake. Kwa hiyo wafamasia wa halmashauri, waganga wafawidhi na wajumbe wa kamati za vituo wakae mezani mapema kila kanuni za sheria hiyo zinapoandikwa au kurekebishwa, kabla rasimu haijafungwa. Wao watauliza kwanza madai ya kituo kwa bima yatalipwa ndani ya siku ngapi, kwa sababu deni la mshitiri linaanza kuhesabiwa siku mzigo unapopokelewa.