Nilivyowaweka gizani wapangaji wenzangu kwa herufi tatu

Kwa kuwa jamaa yangu ameshatangulia kuwasimulia nilivyowazimia umeme wapangaji wenzangu ili niokoe diski yangu, na kwa kuwa kwenye simulizi yake mimi nimelia (sikulia, nilikuwa na mafua), ngoja niseme mwenyewe. Mliotokea kwake karibuni, kaeni popote.

Nina diski mbili. Ya ndani ya kompyuta ndiyo ya kazi: hesabu za wateja, na video za harusi tatu ambazo maharusi wenyewe bado hawajaziona. Ya nje ni kuukuu, nimeshampata wa kumuuzia. Zote zimefungwa kwa LUKS, mfumo wa Linux wa kufunga diski kwa nywila, na siku zote ya ndani huitwa sda, ya nje sdb. Siku zote, isipokuwa juzi, nilipowasha kompyuta ile ya nje ikiwa imeshachomekwa. Linux ikazipa majina jinsi ilivyozikuta. Wala haijawahi kuniahidi vinginevyo.

Nikataka kuifuta ile ya nje kabla ya kuiuza, nikaandika cryptsetup luksErase /dev/sdb1. Amri hii haina haja ya nywila yako. Inakuonya tu kwamba visanduku vyote vya funguo vitafutwa, kisha inakutaka uandike YES kwa herufi kubwa.

Hapa twende taratibu. Nikabonyeza Caps Lock. Nikaandika Y. Nikapiga chafya. Nikaandika E. Nikajiuliza kama kuna chapati imebaki. S. Enter. Kimya. Ndipo jicho likapanda juu kidogo, kwenye orodha ya diski (lsblk) niliyoitoa mwenyewe dakika moja kabla na nisiisome: sdb1, na pembeni yake, /kazi, yaani ile diski ya kazi.

Mwili ukapoa kuanzia masikioni.

Cha ajabu, mafaili yakaendelea kufunguka. Bi harusi wa pili akacheza na shangazi zake kama kawaida. Kwa wasiozoea mambo haya: nywila yako siyo inayofunga diski. Inafungua kisanduku tu, na ufunguo wenyewe umo humo. LUKS2 ina nafasi ya visanduku hadi 32. Mimi nilikuwa nacho kimoja, kwa kujiamini. Diski ikishafunguliwa, ufunguo unakaa kwenye kumbukumbu ya kerneli, moyo wa Linux. Kwa hiyo dunia nzima ufunguo wangu ulikuwa umebaki sehemu moja, ndani ya RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na RAM inaishi kwa umeme.

Na umeme? Ukutani mita ya LUKU ilikuwa inalia tii, tii, tii. Yuniti 0.7. Zamu ya kununua ilikuwa ya nani? Tuendelee.

Nikampigia jamaa. “Si wewe ndiye root, bosi wa kompyuta? Muulize kerneli.” Nikamuuliza kwa amri ya dmsetup table --showkeys. Ingekuwa LUKS1, ningetapikiwa ufunguo mzima nikaunakili. LUKS2 humkabidhi kerneli ufunguo wa aina ya logon, na aina hiyo kerneli anaitumia mwenyewe, hamsomei mtu, hata huyo root. Nikapewa jina lake na urefu wake, baiti 64. Harufu ya pilau la jirani. Nikamwomba jamaa basi aninunulie LUKU. Akasema, “Subiri, nakuja na suluhisho,” akakata.

Nikaamua kuhamisha kila kitu, GB 170, kwenda kwenye ile kuukuu niliyotaka kuiua, kwa USB 2.0. Saa moja na nusu, Mungu akipenda. Kisha nikatoka kugonga milango.

Mama mwenye nyumba alikuwa anapasi sare za shule za wiki nzima.

“Shikamoo mama. Naomba uzime pasi.”

“Marahaba. Kwa nini?”

Jaribuni nyie kumweleza kerneli mtu mwenye pasi ya moto mkononi. Nikasema, “Mama, ufunguo wangu umo kwenye umeme.” Akanitazama kwa huruma ile ya kutazamia mgonjwa, akazima. Nikachomoa friji lake. Kaka wa chumba cha pili alikuwa anaangalia mechi. Akasema zamu ya LUKU ni yangu, nikasema najua kaka, nikachomoa hivyo hivyo. Watu wazima sita wakakaa barazani gizani, wakijipepea kwa vipande vya boksi, wakisubiri nimalize.

Saa nne kasoro jamaa akashuka kwenye bodaboda na mfuko wa barafu za ubuyu. Alisoma mahali kwamba mwaka 2008 watafiti wa Princeton walionyesha kuwa RAM ikipozwa inachelewa kusahau ufunguo hata umeme ukikatika. Hilo ndilo suluhisho. (Sehemu hii kwake hamkuisikia, au siyo?)

Akasimama mlangoni, ubuyu unamdondokea miguuni.

“Hukuwahi kuchukua bakapu ya heda, pale mwanzoni mwa diski vinapokaa visanduku vya funguo?”

“Nilichukua.”

“Iko wapi?”

“Humo humo kwenye diski.” Nikainamisha kichwa, maana ujinga huo unajulikana: bakapu ya heda haiwekwi ndani ya diski yenyewe.

Jamaa akanyamaza kidogo. “Na hiyo diski, sasa hivi, si iko wazi?”

Mita ikalia tii.

Barazani mtu akakohoa.

MB 16. Faili la MB 16, ndani ya folda niliyoiita MUHIMU, saa nzima na ushee lilikuwa pale pale mbele ya macho yangu, huku nimemchomolea mama wa watu friji.

Nikaandika luksHeaderRestore, amri ya kurudisha heda, nayo ikataka YES kwa herufi kubwa. Jamaa akanidaka mkono. Akasoma jina la diski kwa sauti, mara tatu. Mama mwenye nyumba naye akaingia, akavaa miwani, akasoma: “sdb moja.” Ndipo nikaruhusiwa kubonyeza.

Nywila ikakubali. Jamaa akanunua umeme wa elfu tano, ananidai. Barafu tukala. Diski kuukuu siuzi.

Jana jioni nikagongewa mlango. Mama mwenye nyumba, pasi mkononi.

“Mwanangu, ule ufunguo umeshatoka? Maana nina sare.”